Nani Kasema Preston Sturges Alichuja?

Mwaka 1940 hadi 1944 studio ya Paramount ilitoa filamu nane zilizoandikwa na kuongozwa na mtu mmoja, Preston Sturges. Hapo hakuna ubishi. Ubishi wangu uko kwenye sentensi inayofuata, ambayo utaikuta katika vitabu vya historia ya sinema na hata midomoni mwa watu wanaompenda: kwamba baada ya hapo kipaji kilimkauka. Alijivuna, wanasema. Alikunywa, akazamisha fedha katika mgahawa wake wa The Players pale Sunset Boulevard, akaingia ubia na bilionea Howard Hughes, akatengeneza filamu chache mbovu, akahamia Ufaransa, na tarehe 6 Agosti 1959 akafa kwa maradhi ya moyo katika hoteli ya Algonquin, New York, akiwa na miaka 60. Wanamwita kimondo. Wanamtumia kuwaonya vijana wenye vipaji.

Napinga hadithi hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho wake. Sturges hakuchuja. Alinyang'anywa mamlaka juu ya kazi yake, na wanaosimulia habari zake wameendelea kuuita unyang'anyi huo udhaifu wa nafsi yake. Zipange filamu zake kwa miaka ya kutolewa, utaona mlima na mteremko kama wanavyodai. Kisha zipange kwa kuuliza swali moja: nani alikuwa na neno la mwisho katika chumba cha kuhariri? Mlima wote unavunjika. Filamu iliyoharibika vibaya kuliko zote imo ndani ya miaka ya neema, na mojawapo ya kazi zake bora kabisa imo ndani ya miaka wanayoiita ya kuporomoka.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba mtu huyu alizuka 1940. Alizaliwa Chicago mwaka 1898. Mama yake, Mary Desti, alikuwa rafiki wa karibu wa mcheza dansi Isadora Duncan na alimzungusha mtoto Ulaya kutoka shule hadi shule. Baba aliyemlea na kumpa jina, Solomon Sturges, alikuwa mfanyabiashara wa hisa. Mwaka 1929 tamthilia yake Strictly Dishonorable ilipanda jukwaani Broadway na kuchezwa mara 557. Mwaka 1933 aliiuzia studio ya Fox mswada wa The Power and the Glory, filamu ambayo Spencer Tracy aliigiza tajiri wa reli ambaye maisha yake yanasimuliwa baada ya mazishi, kwa vipande visivyofuata mpangilio wa wakati. Wanahistoria wengi huitaja kama mtangulizi wa Citizen Kane, iliyotoka miaka minane baadaye. Sturges aliuuza mswada huo ukiwa umekamilika, wakati ambapo desturi ya Hollywood ilikuwa kuwapanga waandishi kwa zamu, huyu akiandika, yule akifuta. Badala ya malipo ya mkupuo tu, alidai asilimia ya mapato. Huyo ni mtu aliyekuwa akipigania kitu kimoja miaka saba kabla ya filamu yake ya kwanza kama mwongozaji: kwamba aliyeandika asiondolewe kwenye alichokiandika.

Ndiyo maana simulizi ya dola 10 hunichosha inapotolewa kama kituko. Mswada wa The Great McGinty aliuandika 1933. Unahusu mzururaji anayepiga kura mara 37 katika usiku mmoja kwa malipo ya dola mbilimbili, akapanda ngazi za siasa za wizi hadi ugavana, kisha akaangamia kwa sababu siku moja alijaribu kuwa mwaminifu. Kwa miaka kadhaa hakuna studio iliyoutaka. Hatimaye Sturges aliwaambia Paramount wauchukue kwa bei ya bure, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeongoza, na mkataba ukaandikwa dola 10. Mwandishi aliyekuwa akilipwa vizuri kuliko wengi mjini aliacha fedha zote hizo ili apate kiti cha mwongozaji. Filamu hiyo ikampa tuzo ya Oscar ya mswada wa asili, mara ya kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa. Mwaka uliofuata John Huston, naye mwandishi, aliongoza The Maltese Falcon. Mwaka 1942 Billy Wilder akaongoza The Major and the Minor palepale Paramount. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na aliyeufungua alijua thamani yake kuliko mtu yeyote.

Filamu yake ya pili, Christmas in July, ilitokana na tamthilia aliyoiandika 1931. Kwa hiyo ile miaka mitano ya kimondo ilikula akiba ya miaka kumi iliyotangulia. Kipaji kilikuwepo muda wote. Ruhusa ndiyo iliyokuja 1940.

Kuna wanaopunguza sifa yake kwa njia nyingine, wakisema alikuwa mtu wa maneno tu na kamera yake ilikuwa ikinukuu mazungumzo. Watu hao waitazame tena The Lady Eve ya 1941. Ndani ya meli, Barbara Stanwyck, tapeli wa karata, amekaa katika ukumbi wa chakula akiwa na kioo kidogo cha mkononi. Ndani ya kioo hicho tunamwona Henry Fonda, kijana tajiri mshamba anayependa nyoka, akiwa peke yake na kitabu chake huku kila msichana ukumbini akimtega. Stanwyck anawasimulia kwa sauti yake, anawapangia hata watakachosema. Ametengeneza sinema ndani ya sinema, na sisi tumekaa upande wake tukiwinda pamoja naye. Baadaye, chumbani mwake, Sturges anawaweka wawili hao shavu kwa shavu, yeye kwenye kochi na kijana sakafuni, vidole vya mwanamke vikicheza ndani ya nywele za mwanamume, na kamera haisogei wala haikatwi kwa zaidi ya dakika tatu. Mwoga angekata. Mtu wa maneno tu angemtafutia kila mmoja picha yake aongee. Sturges alijua kwamba joto la tukio liko katika kutopumzika kwake. Na katika Sullivan's Travels, Joel McCrea na Veronica Lake wanapopita kwenye makambi ya wasio na makao, mwandishi huyu anayesifiwa kwa mazungumzo anayaondoa maneno yote na kutuachia nyuso na muziki kwa dakika kadhaa.

Sasa nifike kwenye ushahidi wenyewe, ambao wasimuliaji wa hadithi ya kimondo huupita mbio.

Mwaka 1942, alipokuwa kileleni, Sturges alipiga picha za filamu kuhusu William Morton, daktari wa meno wa Boston ambaye mwaka 1846 alionyesha mbele ya madaktari kwamba etha inaweza kumlaza mgonjwa asihisi kisu. Dawa ya nusukaputi ilikuwa imepata uthibitisho wake. Lakini maisha ya Morton yana umbo baya kwa msimuliaji: ushindi mfupi, kisha miaka karibu 20 ya kesi, dhihaka na umaskini. Sturges alilitatua tatizo hilo kama alivyofanya katika The Power and the Glory, kwa kuvunja wakati. Aliweka maanguko mwanzoni na ushindi mwishoni, ili mtazamaji afike kwenye ile saa ambayo Morton anaitoa siri yake kwa ajili ya msichana mtumishi anayesubiri kukatwa mguu, akijua tayari kwamba kitendo hicho cha huruma ndicho kitakachomfilisi. Ni mpango wa kuumiza, nao ni mpango sahihi.

Paramount waliogopa. Buddy DeSylva, mkuu wa utayarishaji, aliichukua filamu, akapangua mfuatano wake, akapunguza uzito wake, akaibadilisha jina kuwa The Great Moment, ikakaa kabatini hadi 1944, ikatangazwa kana kwamba ni kichekesho. Iliyofika kwa watazamaji ni maiti ya filamu nyingine. Mswada wa asili ulichapishwa baadaye, na yeyote anaweza kuulinganisha na kilichobaki kwenye ukanda. Nawauliza wanaosema kipaji kilikauka baada ya 1944: filamu hii mnaiweka wapi? Ilipigwa katikati ya The Palm Beach Story na The Miracle of Morgan's Creek. Mkono ulioandika ni uleule. Uliohariri ni mwingine.

Mwaka huohuo, studio hiyohiyo, DeSylva huyohuyo, na filamu nyingine ya Sturges: Hail the Conquering Hero. Kijana Woodrow Truesmith ameondolewa jeshini kwa sababu ya mafua ya mzio, anaona aibu kurudi kwao, na wanamaji sita wanamlazimisha arudi kama shujaa wa vita. Mji mzima unampokea kwa bendi na kutaka awe meya. Fikiria ujasiri wa kuitengeneza filamu ya namna hiyo vita vikiwa bado vinapiganwa. Tangu mwanzo DeSylva alitaka mwigizaji Ella Raines aondolewe, Sturges alikataa. Mkataba wake ulipokwisha mwishoni mwa 1943 aliondoka, na studio ikaihariri filamu bila yeye. Onyesho la majaribio likaenda vibaya. Hapo Sturges alirudi bila malipo, akaandika upya baadhi ya matukio, akayapiga, akaiunganisha filamu upya kwa mikono yake. Matokeo yake ni mojawapo ya vichekesho bora vya Marekani vya karne ile, na iliteuliwa kwa Oscar ya mswada wa asili sambamba na The Miracle of Morgan's Creek. Mwandishi mmoja, teuzi mbili, mwaka mmoja, kundi moja.

Ni nadra historia ya sanaa kutupa jaribio safi kama hili. Filamu mbili za mtu mmoja ziliharibiwa na mkono mmoja katika mwaka mmoja. Moja mwenyewe aliruhusiwa kuirudia, nyingine hakuruhusiwa. Tazama zote mbili, kisha uniambie kwamba tatizo lilikuwa pombe.

Simtetei mtakatifu. Mamlaka aliyoyapigania yanamfanya awajibike kwa kila kilichomo. Katika The Palm Beach Story kuna kundi la wawindaji matajiri walevi wanaofyatua bunduki ndani ya behewa la treni, na mtumishi Mweusi anarushiwa risasi na kutumiwa kama chombo cha kuchekesha. Katika Sullivan's Travels mpishi Mweusi anatumbukizwa kwenye unga kwa sababu hiyohiyo. Nikitazama matukio hayo najisikia kutukanwa, na hakuna studio ya kulaumiwa; ni Sturges. Lakini ndani ya Sullivan's Travels hiyohiyo kuna kanisa la Weusi maskini kwenye kinamasi, na mchungaji anayeigizwa na Jess Lee Brooks anawaomba waumini wake wasiwadharau wafungwa wanaoingia na minyororo. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alimwandikia Sturges kumshukuru kwa heshima ya tukio lile. Yote mawili ni yake. Ukikubali kumlaumu kwa tukio la treni, ukubali pia kwamba mtu asiulizwe kuhusu kazi iliyofanywa na mkasi wa mwingine.

Alipoondoka Paramount alikwenda kwa Hughes, na hapo alikosea sana. Alidhani mtu mwenye fedha nyingi kuliko studio atamwacha huru kuliko studio. Kwa pamoja walianzisha California Pictures. Sturges alimrudisha Harold Lloyd, nyota mkuu wa enzi ya filamu bubu, katika The Sin of Harold Diddlebock, ambayo inaanza na kipande cha The Freshman ya 1925 na kuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: yule kijana aliyeshinda mechi dakika ya mwisho, miaka 20 baadaye yuko wapi? Yuko nyuma ya dawati lilelile la karani, na siku anayofukuzwa kazi ndiyo siku anayokunywa kileo chake cha kwanza. Wazo hilo pekee linatosha kumzika anayedai mtu huyu aliishiwa. Filamu ilionyeshwa kwa muda mfupi 1947, Hughes akaiondoa, akaikata, na mwaka 1950 akaitoa kwa jina la Mad Wednesday. Tayari alikuwa amemfukuza Sturges kutoka Vendetta, filamu iliyopita mikononi mwa waongozaji kadhaa kabla ya kutolewa. Wanaomhesabia Sturges miaka hii kama miaka ya kushindwa wanamhesabia deni la Hughes.

Kisha inakuja Unfaithfully Yours, 1948, Fox. Hapa ndipo hoja ya kuchuja inapokufa, na sielewi kwa nini watu wanaendelea kuibeba.

Rex Harrison ni Sir Alfred De Carter, kiongozi wa okestra anayeamini kwamba mkewe, anayeigizwa na Linda Darnell, ana mwanamume mwingine. Akiwa jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa, anaongoza vipande vitatu: Rossini, Wagner, Tchaikovsky. Katika kila kimoja kamera inamsogelea hadi inaingia ndani ya jicho lake, na tunaona anachokiwaza. Kwa Rossini anapanga mauaji ya wembe, safi na ya haraka, na lawama anamwachia mshukiwa wake. Kwa Wagner anasamehe, anaandika hundi, anakuwa mkubwa kuliko dhambi yote duniani. Kwa Tchaikovsky anachezea bastola na kifo chake mwenyewe. Muziki ndio unaompa kila ndoto adabu zake. Baada ya tamasha anarudi nyumbani kuitekeleza ile ya kwanza. Viti vinavunjika chini ya miguu yake, wino unamwagika, mashine ya kurekodi sauti inakataa kumtii, na kwa dakika nyingi Harrison anahangaika karibu kimya kimya na vitu vya nyumbani mwake mwenyewe. Huyu ndiye mtu wa maneno? Hii ni komedi ya mwili ambayo Lloyd angeionea fahari, iliyojengwa juu ya fikra ya kina kuhusu wivu: kwamba ndani ya kichwa kila mmoja wetu ni fundi, na mkononi kila mmoja ni kibogoyo.

Wanaobisha watasema wazo hilo alilipata miaka ya 1930. Kweli. Na wazo la McGinty alilipata lini? Watasema filamu haikupata fedha. Kweli pia. Muda mfupi kabla haijatolewa, Julai 1948, mwigizaji Carole Landis alijiua, na magazeti yalikuwa yamejaa jina la Harrison aliyekuwa na uhusiano naye. Hakuna mtu aliyekuwa tayari kucheka na mwanamume huyo akiota kumuua mke. Hiyo ni bahati mbaya ya sokoni, na soko la vuli moja halipimi kipaji. Zanuck wa Fox alidai ifupishwe, naam, lakini Sturges alikuwa mwandishi, mwongozaji na mtayarishaji, na umbo alilolikusudia lilibaki. Kwa mara ya kwanza tangu 1944 filamu yake ilifika kwa watu ikiwa na umbo lake.

Filamu mbili zinabaki, nazo sizitetei. The Beautiful Blonde from Bashful Bend ya 1949 ilitengenezwa kwa ajili ya nyota wa Fox, Betty Grable, kutokana na hadithi ya mtu mwingine. Les Carnets du Major Thompson, iliyopigwa Ufaransa 1955, ilitokana na kitabu cha Pierre Daninos kilichokuwa kikiuzwa sana wakati ule. The Lady Eve nayo ilianza na hadithi ya mwingine, lakini Paramount ilimwacha aibomoe na kuijenga upya. Katika hizi mbili za mwisho alipewa kazi, na unamwona akifanya kazi aliyopewa. Katikati ya filamu hizo kulikuwa na mradi wa The Millionairess kwa ajili ya Katharine Hepburn, kutoka kwa tamthilia ya Shaw. Alikuwa na mwigizaji nyota na alikuwa na mswada. Fedha hazikupatikana. Hakuna anayeuandika mradi huo katika orodha ya mafanikio yake wala ya makosa yake, ingawa unaeleza miaka ya 1950 kuliko filamu mbili zilizotoka.

Kwa nini hadithi ya kuchuja inapendwa? Kwa sehemu, waandishi wakubwa waliianzisha mapema. James Agee, mhakiki mwenye jicho kali kuliko wengi, aliandika 1944 kwamba Sturges alipasuliwa tangu utotoni kati ya sanaa ya mama na biashara ya baba wa kulea, na kwamba mpasuko huo ndio uliomzuia kujitoa kikamilifu. Siegfried Kracauer mwaka 1950 alimshtaki kwa kuisaliti tashtiti yake, kwamba Sullivan's Travels ilikuwa kujisalimisha kwa kicheko kitupu. Namheshimu Kracauer, lakini kalenda inamkataa. Baada ya Sullivan's Travels ndipo Sturges, katika The Miracle of Morgan's Creek, alipomtungia msichana wa mji mdogo mimba ya mwanajeshi asiyemkumbuka jina, ukaguzi wa maadili wa Hollywood ukiwa unamchungulia begani, kisha akaicheka ibada ya shujaa mbele ya nchi iliyo vitani. Aliyejisalimisha hafanyi hivyo. Na Agee, kwa kutafuta chanzo ndani ya utoto, aliwapa waliofuata njia rahisi: kila filamu iliyokatwa na wengine ikawa dalili ya ugonjwa wa aliyekatiwa.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho studio ilimchukia nacho, nacho kinamweleza kuliko utoto wake. Alikuwa na kikosi: William Demarest, Franklin Pangborn, Jimmy Conlin, Robert Greig, Al Bridge, Porter Hall, wazee wa nyuso zilizokunjamana waliotokea filamu baada ya filamu. Paramount ilimwambia awaache, watazamaji wamewachoka. Alijibu kwamba watu waliochangia filamu zake za kwanza wana haki ya kufanya kazi katika zinazofuata. Mtu mwenye majivuno tu, anayejiona yeye peke yake ndiye filamu, hapiganii mkate wa Jimmy Conlin.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaopanga maonyesho na wanaofundisha. Acheni kufunga msimu wa Sturges na mwaka 1944. Onyesheni The Great Moment na Hail the Conquering Hero kwa jioni moja, mswada wa asili wa ile ya kwanza ukiwa mkononi mwa watazamaji, na jioni inayofuata muwape The Lady Eve pamoja na Unfaithfully Yours bila kuwatajia miaka. Kisha waulizeni ipi ni ya bwana aliyeishiwa.